Makaburi ya Wakubwa wa Pwani: Kukarabati Jiwe Si Kufukua Mfupa

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, vijana wetu wa madrasa hapa Morogoro Mjini walikwenda ziara Kaole, jirani na Bagamoyo, wakayaona makaburi ya nguzo waliyozikwa wakubwa wa zamani. Waliporudi wakatuuliza: inajuzu kuyafukua makaburi kama yale kwa ajili ya elimu, na kuyakarabati ili watalii wayaone? Mmoja wao akatoa hoja kwamba huko Misri makaburi ya mawaziri na makuhani wa Mafirauni yanafunguliwa miaka yote na watu wanafurahi.

La Misri ni jepesi. Kuhani Wahtye, ambaye kaburi lake la Saqqara lilitangazwa mwaka 2018, hakuwa Muislamu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba kiwanja cha Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina kilikuwa na makaburi ya washirikina, na akaamrisha yafukuliwe. Basi kuitoa hukumu Saqqara na kuipeleka Kilwa ni kiyasi chenye tofauti iliyo wazi. (Kuianika maiti ndani ya kioo ni jambo jingine, nasi hatulitetei.)

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akaeleza kuwa watu wake ni wacha Mungu, Mashafii. Kwa hiyo tuwahukumie kwa fiqhi waliyozikiwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba kufukua kaburi la Muislamu ni haramu ila kwa dharura, kama kuzikwa bila kuoshwa, kuzikwa katika ardhi ya kuporwa, au mali kuanguka kaburini. Na katika al-Majmu' ameeleza kuwa maiti akishaoza kabisa na kugeuka udongo, basi inajuzu kuchimba pale, na wanaoulizwa kama muda huo umefika ni wenye ujuzi wa ardhi ile.

Wanaotetea ufukuaji hukamata maneno haya ya mwisho. Husema: miaka mia sita imepita, ruhusa ipo. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Ruhusa haikufungwa na hesabu ya miaka, imefungwa na kwisha kwa mwili. Na mchimbaji wa leo anatafuta nini? Anatafuta mfupa na jino. Akikosa, ruhusa ilikuwepo lakini haina faida kwake. Akipata, basi kule kupata ndiko kunakothibitisha kuwa mwenye kaburi bado yumo na hurma yake haijaondoka. Na tunajua Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, ambayo maana yake ni kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Matokeo yake yaliwafurahisha wengi, kwa sababu yaliafikiana na habari za wazee kuhusu Washirazi: asili ya Uajemi upande wa baba na ya Afrika upande wa mama. Hatubishani na maabara. Swali letu ni moja tu: hiyo ni dharura gani? Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia, mwaka 1396 Hijria (1976), liliruhusu kupasua maiti kwa ajili ya jinai na maradhi ya kuambukiza, kwa kuwa hapo ipo haki ya aliye hai inayosubiri. Kujua nasaba ya babu wa Mtwapa hakumponyi mtu wala hakumrudishii mtu haki yake.

Wala elimu haifi kwa kuacha mifupa. Kaburi mashuhuri la Gedi, aliloliandikia James Kirkman mwaka 1960, limechongwa tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Tarehe hiyo ipo juu, kwenye jiwe. Hakuna aliyehitaji kushuka hadi kwenye mwanandani ili aisome.

Ama ukarabati, hapo sisi ni wepesi zaidi kuliko baadhi ya ndugu zetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Wapo wanaosema ni afadhali yangeanguka, kwa Hadithi ya Ali (R.A.) katika Muslim kuhusu kusawazisha makaburi yaliyoinuliwa. Hadithi ni sahihi, na Imam Shafii mwenyewe ameeleza katika al-Umm kwamba aliwaona watawala wa Makka wakibomoa vilivyojengwa juu ya makaburi, na hakuwaona mafakihi wakilaumu. Pamoja na hayo, juu ya kaburi lake huko Misri likajengwa kuba mwaka 608 Hijria, na likakarabatiwa upya hadi mwaka 2021! Sisi hatusemi lijengwe jipya. Tunasema ukuta uliokwisha simama, ukishikizwa kwa chokaa usiporomoke, unawazuia watu na mbuzi kuyakanyaga makaburi, na Mtume (S.A.W.) amekataza pia kuyakalia. Kuinua nguzo iliyoanguka ili picha ipendeze, hilo hatuliungi mkono.

Linabaki suala la vipande vilivyokwisha kutolewa, popote vilipo. Hukumu yake haina utata kwa Mashafii: kipande cha mwili wa Muislamu kikipatikana huvikwa kitambaa na kuzikwa. Masheikh wa Kilwa na Lindi, na walimu wa sharia wa Chuo Kikuu cha Waislamu hapa Morogoro, wana haki ya kuwauliza watafiti kila jino lililotoka kaburini liko wapi, na litarudi lini.