Vakuoli si chumba kitupu

Mchoro wa seli ya mmea tunaujua sote. Ukuta wa seli umechorwa kama tofali, kloroplasti zimetiwa kijani, kiini kimesukumwa pembeni, na katikati pamebaki peupe. Mshale unaelekea hapo: "vakuoli". Maelezo yake ni mafupi: huhifadhi maji na chumvi. Mwanafunzi anakariri, anapata alama yake, basi.

Ugomvi wangu ni na ule weupe. Kuhusu ukubwa, mchoro hausemi uongo: katika seli iliyokomaa, vakuoli inaweza kuchukua hadi asilimia 90 ya nafasi yote. Lakini ukiacha sehemu kubwa hivyo bila rangi, unamwambia msomaji kwamba hapa hakuna kitu. Hata jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "tupu".

Sasa chukua muhogo. Ndani ya vakuoli zake kuna linamarini, kemikali iliyobeba saianidi. Kimeng'enya cha kuivunja kinakaa mbali nayo, hasa kwenye ukuta wa seli. Seli ikiwa nzima, viwili hivi havikutani. Mdudu akitafuna jani, au mtu akitwanga kisamvu, seli zinapasuka, vinakutana, na saianidi inatoka. Ndiyo maana muhogo mchungu hulowekwa, hukunwa na kuanikwa: tunapasua seli makusudi ili sumu iondoke kabla hatujala. Pale ambapo hatua hizo zimekatizwa, mara nyingi wakati wa njaa, na mlo hauna protini ya kutosha, umezuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu moja kwa moja. Umewapata watu Kongo, Msumbiji na Tanzania. Kumbe pale "patupu" pana habari ya kufa na kupona.

Neno "huhifadhi" nalo linapotosha, maana linatupa picha ya ghala lililotulia. Utando wa vakuoli, yaani tonoplasti, una pampu zinazotumia nishati kusukuma protoni ndani; uchachu wa limau umekaa humo. Chumvi na sukari zikijaa, maji huzifuata, vakuoli inavimba na kukandamiza saitoplazimu ukutani. Kanieneo hiyo mara nyingi huishinda ile ya tairi la gari, na ndiyo inayousimamisha mchicha. Mchicha ukinyauka sokoni, kuta za seli bado zipo. Kilichopungua ni maji ya vakuoli.

Sidai mchoro ubebe kila kitu. Mchoro mzuri lazima upunguze mambo. Ila tonoplasti ipewe mstari wake, ndani patiwe rangi, na mishale ioneshe maji yakisukuma kuelekea nje. Halafu swali la mtihani libadilike. Badala ya "taja kazi mbili za vakuoli", hebu tuulize: kwa nini jani zima la muhogo halitoi saianidi, lakini lililotwangwa linatoa? Hapo kukariri hakutasaidia.