Sifa za Uta

Watu humtazama mpiga fidla vidole vya kushoto, vile vinavyokimbia juu ya shingo ya chombo, wakadhani ufundi uko huko. Tangu nianze kujifunza fidla hapa Kigoma, nimezidi kuamini kwamba sauti inazaliwa mkono wa kulia, kwenye uta.

Uta ni kijiti kilichofungwa nywele za mkia wa farasi. Nywele hizo peke yake huteleza tu juu ya uzi, kimya. Zikipakwa utomvu mkavu wa msonobari ndipo zinapoushika uzi, zikauvuta kidogo, ukaponyoka, zikaushika tena. Kwenye uzi wa A hayo hutokea mara 440 kila sekunde! Ukikandamiza mno, uzi hukwaruza. Ukilegeza mno, hutoa mluzi mwembamba. Uzito na mwendo vinavyopatana havionekani kwa jicho. Mkono huvisikilizia, kama mvuvi wa dagaa anavyousikilizia wavu wake gizani.

Ndiyo maana namheshimu sana anayeanza, yule anayevuta nyuzi tupu jioni nzima bila wimbo wowote, majirani wakimsikia. Hayo si maandalizi ya muziki tu. Sauti moja ndefu, iliyonyooka toka ncha hadi ncha ya uta, ni muziki tayari, na wapigaji wakubwa huirudia maisha yao yote. Hali ya hewa nayo inamfunza: kiangazi vigingi vya mbao husinyaa na kuteleza, masika huvimba na kugoma, basi kila siku lazima atege sikio na kulinganisha nyuzi upya.

Shingo ya fidla haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa. Kwa mwanafunzi huo ni mzigo, lakini ndio uliofanya fidla ipendwe katika taarabu, maana inafika hata kwenye sauti za Kiarabu zinazokaa katikati ya vibao viwili vya piano. Unguja, ambako kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, anayetaka kujifunza ana mahali pa kwenda. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002.

Huku ziwani Unguja ni mbali. Lakini uta si mgeni bara. Wagogo wa Dodoma, ambako reli yetu inapita, wana zeze lao la kibuyu, linalopigwa kwa uta, na mwanamuziki wao Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipiga mbele ya dunia na kulifundisha Bagamoyo, kule ilikoanzia njia ya misafara iliyokuja kuishia Ujiji. Kijana wa Ujiji asiyemudu bei ya fidla asingoje. Atafute kibuyu, ngozi, uzi na kijiti cha kupinda, aanze kuvuta. Mkono wake wa kulia utakuwa umeshaanza kujifunza kazi ileile.