Matoleo mawili ya OpenSSL ndani ya seva moja

Ukikompaili Python 3.10 kutoka msimbo chanzo kwenye CentOS 7, kazi itaonekana imekwisha salama. Amri ya make itafika mwisho, programu itasakinishwa, na ukiiita itaitika. Shida huanza unapotaka kuleta kifurushi cha kwanza kwa pip: unaambiwa moduli ya ssl haipo, na bila moduli hiyo hakuna njia ya kufika salama kwenye hazina ya vifurushi. Ukirudi kuchambua maelezo ya ujenzi, katikati ya mistari isiyohesabika, utaukuta mmoja uliokupita: moduli ya ssl haikujengwa kwa sababu Python inahitaji OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi.

CentOS 7 ilitoka mwaka 2014, na OpenSSL yake ni 1.0.2k. Python nayo, kuanzia toleo la 3.10 la Oktoba 2021, iliacha kupokea chochote kilicho chini ya 1.1.1, kwa uamuzi ulioandikwa katika waraka wa PEP 644. Uamuzi wenyewe nauunga mkono. Kubeba matoleo ya kale ya maktaba ya usalama ni mzigo na ni hatari. Nisichokubaliana nacho ni ujenzi kuisha kana kwamba mambo ni shwari ilhali kiungo muhimu kama hicho kimekosekana. Kwa hiyo, kabla ya kusakinisha, andika ./python -c "import ssl" ndani ya folda ya ujenzi. Ikilalamika, usiendelee.

Huduma ya CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024, na ushauri wa kwanza kwa mwenye seva ya namna hiyo ni kuhama. Lakini kuhama kunataka muda, na wakati huo kazi haisubiri. Anayebaki hapo kwa lazima anastahili kuonyeshwa njia isiyomvunjia mfumo.

Njia inayovunja mfumo ni ile inayomjia mtu kwanza: kuchukua OpenSSL mpya na kuiweka juu ya ile ya zamani ndani ya /usr/lib64. Kila maktaba shirikishi ya Linux hubeba ndani yake jina la utambulisho. Ile ya CentOS 7 hujitambulisha kuwa libssl.so.10, na ya 1.1.1 ni libssl.so.1.1. Programu inapojengwa, jina hilo huandikwa ndani yake. Inapoanzishwa, kipakiaji hulitafuta jina hilo hilo. Majina yametofautiana kwa sababu vilivyomo ndani vimetofautiana. Katika toleo la 1.1.0, mwaka 2016, OpenSSL ilificha miundo ya data ambayo programu zilizoea kuigusa moja kwa moja, na baadhi ya fankisheni zikabadilishwa majina. EVP_MD_CTX_create, kwa mfano, ikawa EVP_MD_CTX_new.

Sasa mchukue msimamizi anayetengeneza kiungo kiitwacho libcrypto.so.10, jina la maktaba mwenza wa libssl, kinachoelekea kwenye maktaba mpya. Jina limepatikana, ila fankisheni zinazoitwa hazimo, na hata zilizomo hazina alama ya toleo ambayo programu za CentOS zinaitarajia. Miongoni mwa programu hizo ni sshd. Kikao alichokifungua kitaendelea kama kawaida, kwa kuwa maktaba ya zamani imeshapakiwa kwenye kumbukumbu. Akijaribu kuingia upya kutoka dirisha jingine, mlango umefungwa. Kama seva iko mbali na hana njia nyingine ya kuifikia, amejifungia nje.

Njia salama ni kuyaacha matoleo yote mawili yaishi, kila moja mahali pake. OpenSSL 1.1.1 hujengwa kwa ./config --prefix=/opt/openssl-1.1.1, kisha Python huelekezwa huko kwa --with-openssl=/opt/openssl-1.1.1. Mwishoni tumia make altinstall badala ya make install, ili amri ya python3 ya mfumo isiguswe. Asiyetaka kuijenga OpenSSL mwenyewe angeweza kuipata kwenye hazina ya EPEL 7 kama openssl11-devel, ambayo faili zake zimetengwa makusudi na zile za mfumo.

Hapo nusu ya kazi imefanyika, na wengi hukwama kwenye nusu ya pili. Kuna nyakati mbili ambazo maktaba hutafutwa, na anayetafuta si yule yule. Wakati wa kujenga, kompaila hutafuta faili za vichwa na kiunganishi hutafuta maktaba. Wote wawili hufuata ulichowaelekeza kwenye configure. Wakati wa kuendesha, wao hawapo tena. Kipakiaji ndicho kinachotafuta, na hakina habari ya --with-openssl. Ndiyo maana hata programu ya openssl uliyoijenga sasa hivi, iliyomo ndani ya /opt/openssl-1.1.1/bin, inaweza kusema haiioni libssl.so.1.1 iliyo folda ya jirani.

Wengi hulitatua hilo kwa LD_LIBRARY_PATH. Mimi naikubali kwa majaribio tu. Kigezo hicho huishi ndani ya kikao chako cha terminali; kazi iliyopangwa kwenye cron au huduma inayoanzishwa na systemd haikirithi, na matokeo yake ni programu inayofanya kazi mbele ya macho yako mchana na kuanguka usiku. Tena kinagusa kila programu utakayoiita kutoka kikao hicho. Kwa OpenSSL hizi mbili majina tofauti yanakukinga, lakini folda hiyo ikiwa na libstdc++.so.6 nyingine, yenye jina sawa kabisa na ya mfumo, kinga hiyo haipo.

Lililo imara ni kuiandika njia ndani ya faili yenyewe inayoihitaji maktaba. Python 3.10 ilileta chaguo la --with-openssl-rpath=auto kwa kazi hiyo hiyo. Moduli ya _ssl hubeba anwani ya maktaba yake popote itakapoitwa, na programu nyingine zote za seva haziathiriki. Hakikisha kwa kuielekezea ldd faili ya _ssl iliyomo ndani ya lib-dynload: mbele ya libssl.so.1.1 pasomeke /opt/openssl-1.1.1/lib.

Kwa kuwa OpenSSL 1.1.1 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya umma Septemba 2023, mwenye seva inayotazama intaneti atapendelea mfululizo wa 3.0. Huko kuna mtego wa aina yake. Kwenye mashine za biti 64, OpenSSL 3.0 husakinisha maktaba ndani ya lib64, ilhali configure ya Python huelekeza kiunganishi kwenye lib. Kiunganishi kisipokuta kitu, huendelea hadi /usr/lib64, na kama openssl-devel ya mfumo ipo, huchukua ile ya 1.0.2. Umekompaili kwa vichwa vya 3.0 na kuunganisha na maktaba ya 1.0.2. Jaribio la configure litasema yes, maana huita SSL_new tu, na fankisheni hiyo imo kote kuwili. Moduli itajengwa, kisha itaondolewa kwa sababu haikuweza kupakiwa. Dawa ni kuongeza --libdir=lib unapoisanidi OpenSSL 3.0.

Suala la vyeti nalo lisisahaulike: OpenSSL mpya hutafuta vyeti vya mamlaka kwenye folda yake, ambayo ni tupu, na kila muunganisho wa https unaotegemea folda hiyo utakataliwa. Isanidi kwa --openssldir=/etc/pki/tls, kisha tumia make install_sw ili usanidi wa mfumo usiguswe.

Linabaki jambo gumu zaidi, matoleo mawili ndani ya mchakato mmoja. Ukiijenga psycopg2, kifurushi cha Python cha kuzungumza na PostgreSQL, kwenye seva hiyo, itaunganishwa na libpq ya mfumo, nayo libpq inategemea libssl.so.10. Python ikizipakia psycopg2 na ssl pamoja, OpenSSL mbili zinakaa kumbukumbu moja. Zinatenganishwa na alama za matoleo zilizomo kwenye maktaba zote mbili, na kwa kawaida zinaelewana. Lakini haikuwa hivyo daima: psycopg2 ilipokuwa ikisambazwa tayari imekompailiwa, ikiwa na libssl yake ndani, programu zenye nyuzi nyingi ziliweza kuanguka ghafla, na kuanzia toleo la 2.8 kifurushi hicho cha tayari kikabaki kwa jina la psycopg2-binary pekee. Kuona zilizopakiwa, soma /proc/PID/maps, PID ikiwa namba ya mchakato, na utafute libssl. Ukikuta mbili na huduma yako inaendesha nyuzi nyingi, jenga libpq pia dhidi ya OpenSSL iliyo /opt, kisha psycopg2 juu yake, ili mchakato ubaki na moja.