Pongezi kwa Wanafunzi wa Udongo

Mtu wa kwetu Kigombe, huku pwani, aliyezoea mkonge juu ya ardhi ya matumbawe, huenda akastaajabu kusikia kuwa wako wasomi watafutao shahada ya uzamili ya elimu ya udongo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nami nawapongeza bila taksiri, kwani ilimu yao huanzia shimoni, kwa kulowesha donge kiganjani na kulisokota mpaka liwe jembamba kama tambi au likatike, ndipo kadiri ya mfinyanzi idhihirike. Tena fani hiyo ina mizizi karibu nasi: Amani, katika Usambara Mashariki, ndiko alikofanya kazi mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyeeleza mnamo 1935 jinsi udongo ubadilikavyo toka kileleni hadi bondeni, fikra aliyoiita katena, ikaenea ulimwenguni. Na watafiti wa kituo cha Mlingano, jirani zetu wa Muheza, wangali wakipima udongo, ingawa ni haba wakulima wa pwani niwajuao waliowabishia hodi.