Nani Angemwendea Rosa?

Vijana wa usharika wetu walichagua wenyewe kusoma Rosa Mistika. Mimi nilikuwa nimependekeza kitabu kingine, chembamba, chenye picha ya msalaba kwenye jalada. Katibu wao akaniambia kwa adabu kwamba hicho wamekwisha kukisoma mara mbili. Basi tukaanza riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ile iliyotoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Wazee wawili wa kanisa wakaja ofisini kuniuliza kama ninajua nilichokiruhusu.

Nilijua kwa sehemu. Wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulitaka tuandike kuhusu malezi na ukali wa baba. Makanisani nimeisikia ikitajwa mara chache, na kila mara kama onyo kwa mabinti: tazameni mwisho wa uasherati. Sasa nimeisoma upya nikiwa mtu mzima, na naona usomaji wa shuleni unaishia njiani, na ule wa kanisani umepotea kabisa. Hii ni habari ya binti aliyejiua. Linalotuhusu sisi ni nani alikuwa naye katika saa zile za mwisho.

Tazama mwandishi anavyomtumia Charles. Mwanzoni, kule Namagondo kisiwani Ukerewe, Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya kijana huyu. Miaka inapita. Rosa anaanguka, anachezewa na wanaume wenye umri na cheo, kisha anageuka na kutaka kuanza upya. Anayemhukumu mwishoni ni Charles yule yule. Alikuwa tayari kumwoa, sasa anamkataa kwa ajili ya maisha yake ya nyuma. Kijana ambaye kwa ajili yake alipigwa akiwa hana kosa ndiye anayemfungia mlango akiwa ametubu. Sidhani kama hili lilitokea kwa bahati. Kezilahabi alizaliwa Namagondo na kusoma seminari. Alijua toba inavyohubiriwa, na alijua pia inavyopokewa.

Na sisi Walutheri tusikae mbali tukimnyoshea kidole. Tunayo ibada ya kurudi kundini. Nimewasimamisha mabinti mbele ya usharika, wameinamisha kichwa, huku aliyempa mmoja wao mimba ameketi kwenye safu ya besi katika kwaya na sote tunajua. Maneno ya ibada ni ya neema. Lakini anayesimama pale husikia zaidi minong'ono ya mabenchi kuliko maneno ya mchungaji, na Jumatatu akienda kisimani hakuna anayemngoja watembee pamoja.

Kabla ya sura za mwisho niliwasimamisha vijana. Nikawaambia wafunge vitabu, kila mmoja aseme ni nani pale kijijini angeweza kumwendea Rosa jioni ile. Wakaanza na mama yake, Regina. Wakamwacha wenyewe: alikuwa na mzigo wake, ameolewa na mlevi mwenye mkono mwepesi. Wakataja wadogo zake. Wakataja mapadre. Kisha kijana mmoja fundi pikipiki, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema, "Mzee wa kanisa angekuja. Lakini angekuja kumwonya." Walicheka kidogo, halafu hawakucheka tena.

Hapo nina ugomvi na mwandishi. Aibu ameieleza kwa usahihi unaotisha, lakini kukata tamaa amekuchora kama njia iliyonyooka: Charles anakataa, na kifo kinafuata, kana kwamba hakuna cha katikati. Wale niliokaa nao wakiwa ukingoni hawakuwa hivyo. Karibu wote walikuwa na mioyo miwili. Walitaka maumivu yaishe, na bado walitaka mtu agonge mlango. Mkazo ule hupanda na hushuka, na anayevushwa usiku mmoja mara nyingi huishi. Mtu asiyekuwa na roho hiyo ya pili ni rahisi kumwandika, na ni hatari kumwamini, maana msomaji aliye katika hali ile anaweza kudhani njia ni moja tu.

Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kezilahabi aliingia ndani zaidi. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anatusimulia mwenyewe, na mwisho naye anajiua. Anasema nasi kurasa zote, lakini ni nani ndani ya hadithi anayemsikia? Vijijini kwetu mtu wa namna yake husemwa "ana mawazo", basi, tukapita. Neno hilo ni sahihi kuliko tunavyodhani. Kule Harare, Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianzia hapo hapo. Mwaka 2006, baada ya kumpoteza kwa kujiua mgonjwa ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Mahali pa kazi palikuwa benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa na wahudumu wa benchi walikuwa takribani 14 kwa kila 100. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Bibi wa kuketi tunao wengi, na mabenchi tunayo. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537 Luther aliweka mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao kati ya njia ambazo Injili hutufikia, pamoja na Neno, Ubatizo, Meza ya Bwana na ufunguo wa ondoleo. Chuoni tulikariri hizo nne za kwanza. Hiyo ya tano sikumbuki kuulizwa.

Wiki hiyo hiyo binti mmoja aliuliza, "Mchungaji, Rosa yuko wapi sasa?"

Nilimjibu kwa Luther. Mezani kwake alisema haamini kwamba wanaojiua wamehukumiwa moja kwa moja. Aliwafananisha na mtu aliyevamiwa na mnyang'anyi porini akauawa. Ni kweli pia alitahadharisha kwamba watu wa kawaida wasifundishwe hivyo, Shetani asije akapata nafasi ya kuleta mauaji. Watu wa kawaida ni ninyi mnaosoma hapa, nami nimewaambia, kwa sababu nimeona ukimya unavyofanya kazi. Kwa sheria ya Tanzania kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Aliyenusurika anaogopa polisi, na nyumba yake inamficha. Kanisa likiongeza ukimya wake, nani atasema?

Nasema hivi nikiwa na deni. Mwaka wangu wa pili wa utumishi nilikataa kumzika kijana aliyejiua. Kengele haikupigwa, jeneza halikuingia kanisani, mwinjilisti aliomba kwa ufupi nyumbani, nami nilisimama pembeni bila joho. Mama yake hakunilaumu kwa hilo. Alisema tu, "Baba Mchungaji, siku tatu alizoshinda ndani, mbona hamkuja?" Hilo la kanisa kukataa kumzika alikuwa amelitegemea. Ni lile la siku tatu ambalo hakulielewa.

Yule binti alibaki baada ya wenzake kuondoka, akipanga viti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Zamani ningezunguka, kwa hofu kwamba kulitaja jambo ni kulipanda. Waliolichunguza wanasema kuuliza wazi hakumpandishii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Nikamwuliza, "Unafikiria kujiua?" Akatikisa kichwa. "Si mimi, Baba. Ni kaka yangu. Hatoki chumbani, na juzi amegawa nguo zake."

Tulikwenda jioni ile, mimi na mama mmoja mzee wa kanisa ambaye ana kipaji cha kukaa bila kusema. Hakuna aliyeonya. Tulikaa hadi usiku, tukapanga zamu ili asiwe peke yake, na asubuhi mjomba wake akampeleka hospitali ya wilaya, kwenye kitengo cha afya ya akili. Nauli ilitoka katika sadaka ya diakonia. Kamati imeiandika kwenye daftari kama "matibabu".

Sura za mwisho za Rosa Mistika tulizisoma wiki tatu baadaye. Kaka yake alikuja, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu Charles.