Shule Kubwa Haipimwi kwa Asilimia Pekee

Kila matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotangazwa, wazazi wengi wa Gitega na Muyinga huangalia asilimia ya waliofaulu, kisha huamua lise ipi ni bora. Makala haya yanaikosoa tabia hiyo.

Kwanza, lise kubwa za serikali, hasa zenye mabweni, hupokea wanafunzi waliokwisha kuchujwa kwa mtihani wa mwisho wa elimu ya msingi, ambayo tangu mageuzi ya mwaka 2013 ni ya miaka 9. Lise iliyopewa wenye alama za juu husifiwa pia kwa kazi ya walimu wengine.

Pili, tuchukue somo letu. Mtoto wa Muyinga anayeishi karibu na mpaka wa Kobero husikia Kiswahili sokoni na kwa madereva wa malori kutoka Tanzania. Mwenziwe wa vilimani Gitega hukulia katika Kirundi. Kiswahili hukikuta zaidi darasani. Wote wawili wakipata alama 60, walimu wao hawakufanya kazi sawa.

Hivyo, mzazi anayetembelea shule aulize: Darasa moja lina wanafunzi wangapi? Mwalimu wa Kiswahili amelisomea somo hilo? Vitabu vinatosha? Kisha awasalimie wanafunzi uani kwa Kiswahili, asikilize wanavyojibu.

Nasi walimu tusijivunie asilimia tusizozitolea jasho. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.