Mita 7.6 hazitoshi
Kwenye multipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kwa wengi, mwendo hubadilika mapema. Kipimo kinachotumika sana ni cha futi 25, yaani mita 7.6: mgonjwa anatembea haraka awezavyo, mpimaji anahesabu sekunde. Ni rahisi na hakihitaji mashine, sawa. Lakini jamani, sekunde tano mtu si anajikaza tu! Stopwochi haioni hatua zisizolingana, wala miguu inayochelewa kunyanyuka, wala uchovu unaokuja baadaye. Tuongeze kipimo cha dakika 6 na vihisio vya kuvaa kiunoni. Tukisubiri sekunde ziongezeke tumechelewa. Nyuzi za neva zikishakatika huko, hazioti tena.